Serikali Ikihitaji Ardhi Yako: Haki Zako Kuanzia Notisi hadi Malipo

Kila mtaa au kijiji ambacho mradi unakuja, kwenye mkutano lazima atasimama mtu aulize: kiwanda ni cha mwekezaji, faida anaweka mfukoni mwake, iweje shamba langu litwaliwe na Serikali apewe yeye? Mara nyingi hujibiwa kwamba ardhi yote ni ya Rais, na kikao kinaendelea. Jibu hilo ni la kumnyamazisha mtu, tena halijakamilika. Ardhi ya Tanzania ni mali ya umma na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi, lakini haki ya kuikalia na kuitumia ni mali ya yule aliyenayo. Ibara ya 24 ya Katiba inakataza mtu kunyang'anywa mali yake pasipo sheria inayotoa fidia inayostahili.

Wenye mashamba ya kimila, wasio na hati ya aina yoyote, walikuwa wakionekana kama wanaoishi kwa hisani. Mahakama ya Rufani ililimaliza suala hilo katika rufaa namba 31 ya mwaka 1994, Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay na Joseph Lohay. Jopo chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali lilisema haki ya kimila juu ya ardhi ni mali inayolindwa na Ibara ya 24, na kwamba hata pasipo na jengo wala mazao, jasho lililoiongezea ardhi thamani linastahili fidia. Kwa hiyo ukiambiwa "huna hati, huna chako", anayesema hivyo amechelewa miaka mingi.

Turudi kwa mwekezaji. Sheria ya Utwaaji Ardhi ni Na. 47 ya 1967, mwaka uleule wa Azimio la Arusha, na leo inaitwa Sura ya 118. Inamruhusu Rais kutwaa ardhi kwa manufaa ya umma, kisha inaeleza manufaa hayo ni yapi: matumizi ya Serikali, viwanja vya ndege, bandari, miji mipya, uchimbaji wa madini na mafuta, na pia maeneo ya viwanda, kilimo cha biashara na shughuli za kibiashara. Kwa lugha nyepesi, kiwanda cha mtu binafsi kinaweza kuingia humo. Kampuni inapohitaji ardhi kwa ujenzi unaodaiwa kuwa na faida kwa uchumi wa taifa, kifungu cha 4 kinataka pia Bunge lipitishe azimio na amri itangazwe kwenye Gazeti la Serikali. Naona mlango huu ni mpana mno, na sheria iliyotungwa wakati viwanda vilikuwa vya umma inafanya kazi nyingine kabisa leo viwanda vikiwa vya watu binafsi.

Mvutano huu hauko kwetu peke yetu. Kesi maarufu zaidi duniani kuhusu jambo hili ni ya mji wa New London, jimbo la Connecticut nchini Marekani. Manispaa ilitaka nyumba za mtaa wa Fort Trumbull ziondolewe ili eneo liendelezwe jirani na kituo kipya cha utafiti cha kampuni ya dawa ya Pfizer. Nyumba hizo hazikuwa mbovu. Mpango ulikuwa kuongeza ajira na mapato ya kodi. Susette Kelo na majirani zake wakagoma, na mwaka 2005 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua dhidi yao kwa kura 5 kwa 4, ikisema maendeleo ya uchumi ni matumizi ya umma. Mwaka 2009 Pfizer ilitangaza kuondoka. Mtaa ukabaki majani kwa miaka, na majimbo zaidi ya 40 yakabadilisha sheria zao ili kubana utwaaji wa namna ile. Majirani zetu Kenya wameliona shimo hilo mapema: Sheria ya Ardhi ya 2012 inatoa nafasi kwa mwenye ardhi wa zamani kupewa kipaumbele cha kuirudisha, akirejesha fidia yote, endapo lengo la utwaaji halikutimia.

Hapa kwetu, kusimamisha mradi mahakamani kwa hoja kwamba hauna manufaa ya umma ni kazi ngumu. Nguvu ya mwananchi iko zaidi kwenye utaratibu, na watu wengi huipoteza kwa kusaini haraka.

Kwenye ardhi ya kijiji utaratibu unaanza na mkutano mkuu wa kijiji. Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, eneo lisilozidi hekta 250 haliwezi kuhamishwa kuwa ardhi ya jumla, yaani isiyo ya kijiji wala hifadhi, bila mkutano huo kukubali. Una haki ya kukataa. Likizidi hapo, mkutano unatoa mapendekezo na Waziri ndiye anayeamua. Halmashauri ya kijiji si mkutano mkuu wa kijiji, na muhtasari uliosainiwa na watu wachache ofisini kwa mtendaji hauwi mkutano hata ukipigwa mihuri mitatu. Sheria hiyohiyo inasema ardhi isihamishwe kabla aina, kiasi, njia na muda wa kulipa fidia havijakubaliwa.

Kisha inakuja notisi ya kukutaka uiachie ardhi. Sheria ya 1967 inatoa wiki 6, ingawa zinaweza kupunguzwa kwa dharura. Andika tarehe uliyoipokea, tena kwa kalamu juu ya karatasi yenyewe. Tarehe nyingine ya kujua ni ya ukomo, ambayo baada yake maendelezo mapya hayahesabiwi. Wenyeji wa Nyamongo, kule mgodi wa North Mara, wana neno lao kwa mtu anayesikia mradi unakuja akapanda migomba usiku na kusimamisha kibanda cha mabati: tegesha. Wathamini huitambua tegesha kwa macho. Ubaya wake mkubwa ni kwamba huwachelewesha jirani ambao migomba yao ni ya miaka kumi, maana timu hulazimika kurudia uhakiki wa eneo zima.

Siku ya uthamini, uwepo mwenyewe pamoja na mwenzi wako na majirani mnaopakana. Mthamini atapima jengo, atahesabu mazao kwa aina na umri, na utapigwa picha mbele ya nyumba ukiwa na kibao chenye namba yako. Onyesha kila kitu: kisima, choo cha nje, uzio, miti ya mbao, makaburi. Makaburi yana sheria yake ya mwaka 1969 ya kuyahamisha, na gharama za kuhamisha zinapaswa kuingia kwenye hesabu. Usisaini fomu yenye nafasi tupu. Omba nakala, na ukinyimwa piga picha kwa simu.

Hesabu ya fidia haifichwi, ingawa mara nyingi haielezwi. Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe mapema, na kanuni za 2001 zinaonyesha namna. Kwanza ni thamani ya soko ya ardhi na maendelezo. Juu yake kuna posho ya usumbufu, ambayo ni thamani hiyo mara wastani wa riba ya amana za muda maalumu za miezi 12 katika benki za biashara. Posho ya makazi ni kodi ya soko ya nyumba yako kwa miezi 36. Mwenye biashara hupata faida halisi ya mwezi mara 36. Posho ya usafiri ni gharama ya kubeba mzigo wa tani 12 kwa umbali wa kilometa 20, na atakayepata kiwanja mbali zaidi ya hapo, tofauti hiyo inamtoka mwenyewe.

Tuseme ardhi na nyumba ni shilingi milioni 20, riba ya benki ni asilimia 8, na nyumba ingepangishwa kwa 100,000 kwa mwezi. Usumbufu ni 1,600,000 na makazi ni 3,600,000. Kabla ya usafiri tayari ni 25,200,000. Kama jedwali la fidia linaonyesha milioni 20 tupu, kuna kitu kimerukwa, uliza. Wanaoumia zaidi ni wafanyabiashara wadogo. Mama lishe anayepata 15,000 kwa siku ana faida ya kweli, lakini bila daftari, leseni wala risiti mthamini hana pa kuishika. Anza kuandika mauzo leo, hata kwenye daftari la shule.

Sasa muda, ambako kilio kikubwa kipo. Wakazi wa Kipawa na Kipunguni, Dar es Salaam, walifanyiwa uthamini mwaka 1997 kupisha upanuzi wa uwanja wa ndege. Wa Kipawa walilipwa baada ya zaidi ya miaka 10, na wa Kipunguni waliendelea kusubiri. Nyumba iliyothaminiwa haikarabatiwi wala haiuziki kwa bei ya maana, na benki haiipokei kama dhamana. Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini, Na. 7 ya 2016, ndiyo ya kuishika hapa. Ikipita miezi 6 tangu Mthamini Mkuu wa Serikali aidhinishe uthamini na hujalipwa, riba inaanza kuhesabika. Ikipita miaka 2, uthamini ule umekufa na lazima ufanywe upya kwa bei za wakati huo. Riba haimfikii mtu asiyejua tarehe ya idhini, kwa hiyo iulizie kwa maandishi kwa mthamini wa halmashauri na kwa taasisi yenye mradi.

Wapo wasiolipwa. Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka meta 22.5 hadi 30 kila upande kuanzia katikati ya barabara. Aliyejenga ndani ya zile 22.5 huwekewa alama ya X nyekundu na hana fidia. Aliye kwenye meta 7.5 zilizoongezwa huwekewa X ya kijani na anastahili kulipwa. Rangi ikikutia shaka, dai upimaji mbele yako.

Zanzibar ina sheria zake, kwa kuwa ardhi si jambo la Muungano.

Mkishindwa kuafikiana kuhusu kiasi ndani ya wiki 6 tangu tangazo la utwaaji, unaweza kufungua shauri Mahakama Kuu. Kabla ya kuishtaki Serikali unatakiwa kuipa notisi ya siku 90, na nakala yake umpelekee Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Kesi nyingi zenye hoja nzuri hutupwa kwa kosa hilo moja. Asiye na uwezo wa wakili anaweza kuomba msaada wa kisheria bure kupitia watoa huduma waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Unapokwenda kwao, chukua notisi, fomu ya uthamini, picha, na barua zote ulizoandika zikiwa na muhuri wa kupokelewa.