Elfu Tano ya Kila Siku: Kodi ya Nyumba na Akiba katika Jiji la Dar es Salaam

Kwa zaidi ya miaka kumi nimekuwa nikiwafundisha wanachama wa SACCOS, yaani vyama vya ushirika vya akiba na mikopo, na wa vikundi vya kuweka na kukopa jijini Dar es Salaam namna ya kupanga fedha zao, na swali ninaloulizwa kuliko mengine yote ni hili: mtu mwenye kipato cha kawaida atawezaje kuishi katika jiji hili, akala vizuri, akalala mahali pazuri, na bado akabakiwa na kitu? Wengi huja wakitarajia kuambiwa waache soda, chipsi na vocha. Mimi huanza na kodi ya nyumba, kwa sababu katika madaftari ya matumizi niliyoyapitia pamoja na wanachama, hapo ndipo akiba nyingi hufia.

Wenye nyumba wengi wa Dar es Salaam hudai kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na wengine hudai ya mwaka mzima. Mpangaji, kwa upande wake, hulipwa kwa mwezi, na kama ni mama lishe, dereva wa bodaboda au saidia fundi, hulipwa kwa siku. Tuchukue mfano wa chumba na sebule kwa shilingi 150,000 kwa mwezi. Ili aingie, mpangaji atatoa shilingi 900,000 za miezi sita, na shilingi 150,000 nyingine za dalali, ambaye kwa desturi hupewa kodi ya mwezi mmoja. Hiyo ni shilingi 1,050,000 kabla hajanunua hata ndoo ya maji. Akishalipa, miezi mitano inayofuata humpa hisia kwamba nyumba ni ya bure, na kipato chote hupata kazi nyingine. Ukifika mwezi wa sita, hukimbilia mkopo wa mtaani, ule unaoitwa kausha damu, au huamua kuhama.

Njia zote mbili zina gharama kubwa. Mkopo wa shilingi 900,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi humtoza shilingi 180,000 ndani ya siku thelathini, yaani zaidi ya kodi ya mwezi mzima. Ifahamike kwamba huduma hizi zinaongozwa na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, na kwamba Benki Kuu imewaelekeza wakopeshaji wenye leseni wasitoze riba inayozidi asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa hiyo anayekutaka asilimia 20 yuko nje ya utaratibu huo, na unapaswa kumwogopa. Anayehama, naye, hulipa dalali mpya, hukodi kirikuu ya kubebea vyombo, na mara nyingi hujikuta mbali zaidi na kazi yake.

Dawa ninayoifundisha ni kuigeuza kodi ya miezi sita kuwa kodi ya siku. Shilingi 900,000 ukizigawa kwa siku 182 unapata shilingi 4,945, na mimi huzifanya 5,000 ili hesabu ikae kichwani. Kazi ya kuzitenga huanza siku ile ile unapoingiza vyombo ndani, wakati hakuna anayekudai, kwa sababu ukianza mwezi wa tatu kiasi hicho kitakuwa kimeshakuwa karibu shilingi 7,500 kwa siku.

Fundi cherehani mmoja wa Manzese aliniuliza mbele ya kikundi chake, "Mwalimu, hiyo elfu tano nitaitoa wapi, na mimi kuna siku ninaingiza elfu kumi tu?" Lilikuwa swali la haki, na sikumjibu siku hiyo. Nilimwomba aandike kila alichonunua kwa siku kumi na nne. Daftari lake lilikuwa na mafuta ya kupima kila jioni, mchele wa nusu kilo, sukari ya robo, na kopo la mkaa la kila siku. Tulipojumlisha, makopo ya mkaa ya mwezi mmoja yalizidi bei ya kujaza mtungi wa gesi wa kilo 6, na mtungi huo alikuwa nao, mtupu, uvunguni mwa kitanda. Hakuwa mtu wa anasa hata kidogo. Alikuwa akilipia bei ya juu kwa sababu hakuwahi kuwa na fedha ya kununua kwa kipimo kikubwa kwa wakati mmoja. Tulikubaliana kwamba kikundi kimkopeshe fedha za gesi na debe moja la mchele, na tofauti aliyoiokoa ndiyo iliyoanza kuwa sehemu ya elfu tano yake.

Fedha hizo zikae wapi? Hapa nina kidonda changu mwenyewe. Katika mwaka wangu wa pili mjini niliingia mchezo wa upatu wa watu kumi na wawili, kila mmoja akitoa shilingi 50,000 kwa mwezi na mmoja akizipokea zote kwa zamu, na zamu yangu ya kupokea ilikuwa ya kumi. Mwezi wa nane, kijumbe aliyekuwa akikusanya alihama mtaa na simu yake haikupatikana tena. Nilikuwa nimeshatoa shilingi 400,000, na sehemu kubwa ya hizo ilikuwa kodi yangu. Siwakatazi watu kucheza upatu, maana umewajengea wengi nyumba, lakini fedha ya kodi haifai kukaa mikononi mwa mtu mmoja, hata awe mwaminifu kiasi gani. Kikundi chenye katiba, daftari linalosomwa mbele ya wote na sanduku la kufuli tatu ambazo funguo zake wanazishika watu watatu tofauti ni jambo jingine kabisa. Kwa mwenye simu na akaunti ya benki, naona Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kampuni ya serikali inayosimamia mifuko ya uwekezaji wa pamoja, ulioanzishwa mwaka 2013, unafaa kwa kazi hii: unaanza na shilingi 100,000, unaongeza kidogo kidogo, na ukihitaji fedha yako unalipwa ndani ya siku chache za kazi. Ucheleweshaji huo mdogo ni faida, kwa sababu huwezi kuitoa saa mbili usiku kwa jambo la saa mbili usiku.

Kuhusu mahali pa kuishi, watu hulinganisha kodi na kodi, wakasahau barabara. Chumba cha pembezoni kinaweza kupungua shilingi 40,000 kwa mwezi, lakini kama kinakulazimu kupanda magari mawili kwenda na mawili kurudi badala ya moja moja, kwa nauli ya shilingi 600 utaongeza shilingi 1,200 kwa siku, ambazo kwa siku 26 za kazi ni shilingi 31,200. Ongeza bodaboda ya shilingi 1,500 kutoka kituoni hadi nyumbani kila usiku, na utakuwa umelipa shilingi 70,200 ili uokoe 40,000. Tangu mabasi ya mwendokasi yaanze kazi mwaka 2016 katika njia ya Kimara hadi Kivukoni, nimekuwa nikiwashauri wanaofanya kazi katikati ya jiji watafute chumba ambacho wanaweza kutembea kwa miguu hadi kituoni, hata kama ni kidogo zaidi.

Umeme nao una jambo ambalo wapangaji wengi hawaambiwi. Katika bei zilizotangazwa mwaka 2016 na zilizoendelea kutumika kwa miaka mingi, mteja wa matumizi madogo, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, hulipa shilingi 100 kwa uniti, na wa daraja la kawaida hulipa 292. Ukiweka kodi na tozo zinakuwa kama 122 na 356. Sasa fikiria nyumba ya wapangaji sita wenye mita moja ya LUKU, kila mmoja akitumia uniti 25. Kila mmoja ni mtumiaji mdogo, lakini mita inaona uniti 150 na inawahesabia wote bei ya juu. Mpangaji ambaye angelipa shilingi 3,050 analipa 8,900. Vimita vidogo ambavyo wenye nyumba huvifunga ndani hupunguza ugomvi wa nani katumia nini, lakini havibadilishi bei, kwa sababu TANESCO huitazama mita kuu. Wapangaji wakichangia gharama ya kuomba mita ya pili au ya tatu kwa makubaliano ya maandishi na mwenye nyumba, fedha hiyo hurudi.

Chakula nitakigusa kwa ufupi. Bei ya mahindi na mchele hushuka baada ya mavuno, takriban kati ya Juni na Agosti, na hupanda kuelekea Februari na Machi. Anayeweza kununua gunia Tandale mwezi Julai, akagawana na majirani wawili na kulihifadhi katika mifuko isiyopitisha hewa, hatasumbuliwa na bei ya Machi. Samaki wa mnada wa Feri nao hununuliwa vizuri kwa kuchangiana.

Jambo la mwisho ni michango ya harusi, vikao vya kuaga mwali, na misiba. Wako washauri wanaowaambia watu wakatae yote, na mimi sikubaliani nao, kwa sababu siku unapougua katika jiji hili, waliokuchangisha ndio watakaokuja. Ninachofanya ni kuweka fungu la mwaka mwezi Januari, nikitenga kwanza ya misiba, ambayo haina kadi wala taarifa, kisha ya harusi. Kadi ikiletwa naangalia fungu lilivyo, natoa kiasi linachoruhusu na kumweleza mwenye shughuli kwa heshima na mapema, kabla ya kikao cha kwanza. Kinachobaki Desemba ni nauli ya kuipeleka familia nyumbani kumsalimu mama.