Mti mkavu uliosimama hauambukizi msitu

Wengi tumelelewa tukiamini kwamba mti uliokauka ukiwa wima ni mgonjwa atakayewaambukiza wenzake, hivyo ukatwe haraka. Kwa sehemu kubwa si kweli. Kuvu na mabuu yanayokula mti uliokufa zamani kwa kawaida hayaushambulii mti wenye afya. (Misonobari iliyouawa karibuni na mbawakawa wa magome ni suala jingine, hiyo huhitaji uangalizi.)

Usogelee uutazame. Nyuma ya gome lililobanduka, popo wamelala. Juu kidogo kuna tundu alilotoboa kigong'ota. Sasa anaishi humo bundi mdogo, asiyeweza kujichimbia lake. Ukiuangusha, unawavunjia wote nyumba.

Mti kama huu ukiinamia njia au makazi, upunguze tu, ubakize kigogo kirefu. Mingine iache.