Kisima kimepasuka, maji bado meupe: tuyanywe?

Mfuniko wa kisima chetu umevunjika na sakafu ya pembeni ina nyufa. Lakini maji ni meupe, hayana harufu. Tuendelee kuyanywa?
Hapana. Hapa kituo cha afya nasikia "lakini maji yetu ni meupe" kutoka kwa mama aliyempakata mtoto aliyelegea kwa kuharisha, na nimechoka kuisikia. Vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo havina rangi wala harufu.

Vinaingiaje?
Mvua huosha vinyesi vya watu na mifugo, na maji hayo hupita kwenye ufa kabla udongo haujayachuja. Ndoo na kamba zinazolazwa chini huongezea.

Tunywe nini tukimsubiri fundi?
Chemsheni maji mpaka yatokote kwa dakika 1 nzima. Dakika 3 kwa wanaoishi juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Hayo ndiyo ya kunywa, ya kupigia mswaki na ya kuoshea matunda. Yakinuka mafuta au dawa za shambani, kuchemsha hakusaidii. Tafuteni maji kwingine.

Fundi afanye nini?
Azibe nyufa za ukuta, hasa sehemu ya juu, ajenge upya sakafu ya saruji yenye mteremko na mfereji wa kutoa maji mbali, na aweke mfuniko unaoziba kabisa. Choo kiwe mbali, angalau mita 30. Na tafadhali, mtu asishuke kisimani hivihivi: hewa ya chini huweza kukosa oksijeni, na anayemfuata kumwokoa huanguka pia. Kazi ikiisha, kisima kitiwe klorini (dawa ya kuua vijidudu) kwa kipimo cha mtaalamu, kikae saa 12 hadi 24, kisha maji yavutwe mpaka harufu iishe.

Fundi amemaliza, maji ni meupe. Sasa je?
Bado! Pelekeni sampuli maabara na mwendelee kuchemsha mpaka majibu yatoke. Macho si maabara.

Mtoto ameshaanza kuharisha. Tumwangalie siku ngapi?
Hata moja msingoje. Mpeni ORS (dawa ya pakiti ya chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini) leo, iliyokorogwa kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Anayenyonya aendelee kunyonya. Msimnyime maji eti "tumbo likauke". Watoto walionyimwa ndio wanaoletwa kwetu wakiwa hawana hata machozi. Macho yakizama, mkojo ukikosekana, akilegea, akitapika kila anachopewa au mkiona damu kwenye kinyesi chake, nendeni kituo cha afya saa hiyohiyo, hata kama ni usiku, huku mkimnywesha ORS njiani kidogokidogo kwa kijiko.