Likizo ya Juni kwa babu na bibi: ulizeni kwanza salfa imewekwa wapi

Shule zinapofungwa mwezi Juni, mabasi ya kusini yanayoondoka Mbagala hujaa watoto. Wanakwenda kuwasalimia babu na bibi Newala, Tandahimba, Masasi, Nanyumbu, Nachingwea, Ruangwa na Liwale. Ni desturi njema, na mtoto asiyemjua bibi yake amepungukiwa. Lakini likizo hiyo huangukia ndani ya msimu wa kupulizia mikorosho, na nyumba ya babu wakati huo huwa ndiyo ghala la viuatilifu. Wazazi hutuuliza habari za barabara, mbu na maji. Miaka yote niliyofanya kazi ya afya ya mazingira mkoani Mtwara, sijapata mzazi aliyeuliza kabla ya kusafiri kama salfa, ule unga wa njano wa kupulizia mikorosho, imehifadhiwa chumba wanacholala watoto.

Mwaka jana, mwishoni mwa Juni, niliingia uani kwa bibi mmoja wilayani Tandahimba kwa ukaguzi wa kawaida wa vyoo. Wajukuu walikuwa watatu. Mdogo wao, wa miaka mitatu hivi, alikuwa ameketi sebuleni juu ya mfuko wa salfa wa kilo 25, anakula ming'oko, vile viazi vya porini. Mfuko ulikuwa umefunguliwa kona moja na kukunjwa tu. Kila akimaliza mng'oko mmoja anajifuta kiganja kwenye mfuko, kisha anauchukua mwingine. Kaptula yake ilikuwa ya bluu, ila makalioni imegeuka njano. Macho yalikuwa mekundu na anayafikicha kwa mkono uleule. Mama yake, mgeni kutoka Dar es Salaam, aliniambia ni vumbi la safari. Nikamuuliza wamefika lini. Wana siku ya nne.

Bibi yule si mzembe. Mfuko aliuweka ndani kwa sababu msimu uliotangulia aliibiwa miwili iliyokuwa kibandani. Ndivyo ilivyo katika nyumba nyingi: pembejeo ni mali, na mali hulala na mwenyewe. Kwa hiyo sisemi na babu na bibi peke yao. Nasema zaidi na wewe mzazi unayempeleka mtoto kwenye nyumba iliyozoea kukaa na watu wazima wawili tu.

Salfa ya unga hupulizwa kuzuia ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu unaoshambulia majani machanga, maua na korosho changa. Ubwiriunga usipozuiwa mavuno hupotea, na hakuna anayemkataza mkulima kupulizia, naomba nieleweke hapo. Nieleweke pia kwamba salfa si sumu kali kama viuatilifu vya maji. Nalisema wazi kwa sababu tukitia chumvi wakulima huacha kutusikiliza. Ila huwasha macho na ngozi, hukereketa koo na kifua, na mtoto mwenye pumu inaweza kumbana hadi ashindwe kupumua. Mtoto mdogo huvuta hewa nyingi zaidi kwa uzito wake kuliko wewe, hutambaa pale unga ulipotua, na mkono wake haukai mbali na mdomo. Tena salfa inashika moto, na ikiungua hutoa gesi inayochoma mapafu. Mfuko wa salfa jikoni karibu na mafiga, sina namna nyingine ya kulisema: uondolewe leo.

Dawa hizo za maji ni habari nyingine kabisa. Zile za kuua wadudu, hasa mbu wa mikorosho (mdudu anayefyonza machipukizi, si mbu wa malaria), zimo zinazopita kwenye ngozi bila mtoto kunywa hata tone. Chupa ya dawa hizo hukaa dirishani, juu ya kabati, au chini ya kitanda ambako mpira wa mtoto huishia. Mbaya kuliko yote ni dawa iliyomiminwa kwenye chupa ya maji ya kunywa au ya soda kwa sababu jirani aliomba kidogo. Hilo tumelikataza mikutanoni, tumelikataza kwenye magulio, na bado tunalikuta. Mtoto wa miaka miwili hasomi lebo, lakini umbo la chupa ya soda analijua.

Kwenye Uwanda wa Makonde lipo jambo jingine, nalo linatokana na shida ya maji. Ndoo ya maji inanunuliwa, hivyo kila kidumu kina thamani, na kidumu kilichokuwa na dawa huoshwa kwa sabuni na majivu kikawekwa maji. Plastiki hunyonya dawa. Kukiosha mara kumi hakukifanyi kuwa chombo cha maji. Utaratibu ni huu: dawa ikiisha, chombo kisuuzwe mara tatu papo hapo shambani, maji ya kusuuzia yarudishwe kwenye bomba la kupulizia, kisha chombo kitobolewe ili kisitumike tena, na kihifadhiwe mbali na nyumba hadi afisa ugani aelekeze kitakakopelekwa. Kisichomwe, kisitupwe chooni, wala kisiuzwe kwa wanunuzi wa plastiki. Mzazi, ukifika, nusa vidumu vya maji. Najua si adabu kukagua nyumba ya wakwe, basi nendeni na vidumu vyenu viwili vipya muwape zawadi, na vya zamani mviombe.

Kuhusu saa. Salfa hupulizwa alfajiri, umande ukiwa bado kwenye majani na upepo umetulia. Ukisikia mashine inanguruma kabla jua halijachomoza, watoto wabaki ndani, madirisha ya upande wa shamba yafungwe, maji na vyombo vifunikwe, nguo zilizolala kwenye kamba ziingizwe. Watoto wasiende chini ya mikorosho asubuhi ile, hata kama wingu la njano halionekani tena. Mashamba mengi yamezunguka nyumba, na anayepulizia anaweza kuwa jirani, si babu yako. Jirani aombwe atoe taarifa jioni ya kuamkia siku hiyo. Akikataa, suala liende kwa mwenyekiti wa kitongoji, halafu kwa mtendaji wa kijiji, ambaye ataliandika na kumwita afisa ugani pamoja na afisa afya wa kata. Msije moja kwa moja ofisi ya wilaya. Tutawarudisha kwa mtendaji, na siku mbili zitakuwa zimepotea.

Sasa matibabu mtoto akinywa au akimwagikiwa na dawa, na hapa naomba mnivumilie, kwa sababu kila mwaka tunarudia yaleyale. Maziwa si dawa ya sumu. Mafuta ya kula si dawa ya sumu. Kumtapisha mtoto kwa kidole au maji ya chumvi kunaweza kupeleka dawa kwenye mapafu yake, na aliyekunywa mafuta ya taa ndiye aliye hatarini zaidi kwa hilo. Usimpe kitu mdomoni. Mvue nguo zote, mwoshe kwa maji mengi na sabuni ukiwa umefunika mikono yako. Kama dawa imeingia machoni, mwagia maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 bila kukatisha, hata akilia. Mlaze ubavu, kisha nenda kituo cha afya kilicho karibu, na chupa au mfuko wa dawa uende nao. Lebo hiyo humwambia daktari ampe nini, na bila hiyo anabahatisha. Mtoto anayetoa udenda mwingi, anayetoka jasho, mboni za macho zimekuwa ndogo na anapumua kwa shida, huyo hasubiri gari la jioni. Tafuta bodaboda.

Na wale wanaompaka mtoto salfa ya shambani kwa sababu ya upele: dawa ya upele yenye salfa ipo, imepimwa kwa kiwango chake, na inatolewa hospitali na famasi. Unga wa mikorosho si dawa hiyo. Tumepokea watoto wenye ngozi iliyobabuka kwa mkono wa mtu aliyewapenda.

Lipo pia suala la wajukuu wakubwa, wa miaka 11 au 13, wanaopewa kazi ya kujaza salfa kwenye mashine au kubeba bomba "wajifunze kazi". Kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto Na. 21 ya mwaka 2009, mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18, na kifungu cha 12 kinakataza kumpa kazi inayoweza kudhuru afya yake. Adhabu iko kifungu cha 14: faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Undugu si utetezi. Tunaanza na maelekezo; yakipuuzwa, taarifa huandikwa na kupelekwa kwa afisa ustawi wa jamii, naye huweza kulifikisha dawati la jinsia na watoto la polisi. Raia yeyote aweza kutoa taarifa kwa namba 116, ni bure. Kuokota kuni, kuchota maji na kufagia uwanja hatujavikataza, maana kuna waliotuuliza kama mjukuu aje kukaa tu.

Malaria nitaigusa kwa ufupi kwa sababu mengi mnayajua. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta maambukizi kwa watoto wa chini ya miaka mitano ni asilimia 8 kwa nchi nzima, na asilimia 20 kwa Mtwara. Njooni na vyandarua vyenu. Cha bibi kinamtosha bibi. Mtoto akipata homa baada ya kurudi Dar es Salaam, Arusha au Njombe, hata wiki mbili zikiwa zimepita, mwambie mhudumu kwamba alikuwa kusini, apimwe.

Kabla ya kukata tiketi, basi, piga simu nyumbani. Usiulize "kuna usalama?" maana utajibiwa upo. Uliza: salfa ya msimu huu imeshafika? Iko chumba gani? Chumba hicho kinafungwa kwa ufunguo? Nani anapulizia, na nguo za kupulizia anazivulia wapi? Babu akijibu kwamba iko ndani kwa hofu ya wezi, msaidie kununua kufuli na pipa la plastiki lenye mfuniko, viwekwe kwenye kibanda kisicholala mtu.

Siku ya kurudi, nguo za aliyepulizia zifuliwe peke yake, na maji yake yamwagwe mbali na kisima na bustani. Shuka na fulana za watoto kung'utieni nje kabla ya kufunga begi. Mama yule wa Tandahimba alinipigia akiwa tayari Dar es Salaam: macho ya mwanawe yalikuwa yamepona, lakini alipofungua begi sebuleni kwake, chini kulikuwa na unga wa njano.