Mvinyo na Pombe Kali: Dhana Zinazotembea Nairobi na Ukweli Wake

Mitaa mingi ya Nairobi, kutoka Roysambu hadi South B, sasa ina duka lenye kibao cha mvinyo na pombe kali, na kwenye kaunta za maduka hayo chupa huuzwa pamoja na maneno. Mteja huambiwa ipi ni kongwe, ipi ni ya wakubwa, ipi haileweshi, na mara nyingi anayemwambia naye aliyasikia kwa mwingine. Baadhi ya maneno hayo yana chembe ya ukweli. Mengine hayana hata hiyo, na mengine yanaweza kumtia mtu hatarini.

“Kadiri kinavyokaa ndivyo kinavyonoga”

Hii ndiyo dhana iliyoota mizizi kuliko zote, na ugumu wa kuing’oa ni kwamba nusu yake ni kweli. Mvinyo huendelea kubadilika ukiwa ndani ya chupa. Ule mwekundu wenye tanini nyingi (kile kinachokausha ulimi kama chai ya rangi iliyokolea) na uchachu wa kutosha, kama ule wa Barolo huko Italia au wa nyumba kubwa za Bordeaux huko Ufaransa, unaweza kulainika na kuongeza harufu mpya kwa miaka 10, 20 au zaidi, mradi ulazwe mahali penye giza na ubaridi usiopandapanda na kushuka. Hata hivyo, sehemu kubwa kabisa ya mvinyo unaotengenezwa duniani hukusudiwa kunywewa ndani ya miaka michache tangu kuvunwa kwa zabibu, na baada ya hapo kinachopotea ni kile kile kilichomfanya mnunuzi aupende, yaani harufu ya matunda. Chupa ya kawaida ya dukani inayowekwa juu ya kabati la sebuleni kungojea harusi ya kifungua mimba haingojei chochote ila kuharibika.

Anayetaka kuthibitisha hayo na atazame chupa zilizopangwa dirishani mwa duka lolote linalopigwa na jua la mchana. Atakuta lebo imepauka upande mmoja, na pengine mvinyo umepungua shingoni kwa sababu kizibo cha gome kilikauka kikaruhusu hewa kuingia. Chupa hiyo ikifunguliwa, rangi yake itakuwa imeelekea hudhurungi na ladha yake imeelekea siki. Muuzaji ataiita ya zamani, naye hatakuwa amesema uongo.

Kwa pombe kali hali ni tofauti kabisa, na hapa ndipo watu wengi huchanganya mambo. Wiski, konyaki na ramu hukomaa ndani ya pipa la mbao, si ndani ya chupa. Mbao hutoa ladha ya vanila na viungo, huondoa ukali fulani, na huruhusu hewa kidogo kupenya. Siku kinywaji kinapotiwa chupani kazi hiyo husimama. Wiski iliyokaa pipani miaka 12 ni ya miaka 12 hata ikihifadhiwa kabatini miaka mingine 30, na babu aliyeiacha kama urithi ameacha kumbukumbu, hakuongeza umri wa wiski. Sheria za Scotland zinataka wiski ikae katika mapipa ya mwaloni, humo humo Scotland, kwa muda usiopungua miaka 3, na iuzwe ikiwa na nguvu isiyopungua asilimia 40. Nambari iliyoandikwa kwenye lebo ni umri wa wiski changa kuliko zote zilizochanganywa humo. Si wastani, wala si umri wa iliyo kongwe kuliko zote.

Hata nambari hiyo ina mipaka yake. Katika baridi ya Scotland pipa hupoteza takriban asilimia 2 ya kilichomo kila mwaka kwa kuvukiza, hasara ambayo wenyewe huiita fungu la malaika. Katika joto la India au Taiwan hasara hiyo huwa kubwa mara kadhaa, na mbao nazo hufanya kazi kwa kasi zaidi, ndiyo maana viwanda kama Amrut na Kavalan hutoa wiski inayosifiwa duniani ikiwa na miaka michache tu. Kulinganisha nambari ya nchi ya baridi na ya nchi ya joto, bila kuuliza pipa lilikaa wapi, hakumsaidii mnunuzi.

Konyaki ina lugha yake. Herufi VS maana yake ni angalau miaka 2 pipani, VSOP angalau 4, na XO angalau 10, kiwango ambacho kabla ya mwaka 2018 kilikuwa miaka 6. Jina lenyewe ni la mji wa Cognac na eneo linalouzunguka huko Ufaransa. Brandi iliyotengenezwa kwingineko inaweza kuwa nzuri mno, ila si konyaki, hata kama baa imeiandika hivyo kwenye orodha yake.

Rangi nayo haisemi umri. Sheria huruhusu karameli kuongezwa katika wiski ya Scotland na katika konyaki ili chupa zote zifanane. Michirizi inayoteremka ukutani mwa glasi baada ya kuzungushwa, ambayo watu huitazama kwa heshima kubwa, huonyesha zaidi kiasi cha alkoholi kilichomo. Ubora haumo.

“Bei na nchi ndizo kipimo”

Tarehe 24 Mei 1976, mfanyabiashara wa mvinyo Mwingereza, Steven Spurrier, aliwakusanya waonjaji Wafaransa mjini Paris, akawapa mvinyo wa Ufaransa na wa California bila kuwaonyesha lebo. Katika nyekundu aliyeshinda alikuwa Stag’s Leap wa mwaka 1973, na katika nyeupe Chateau Montelena wa mwaka huo huo, zote za California. Waonjaji hao walikuwa mabingwa wa kazi yao, na baadhi ya mvinyo ulioshindwa na ule wa Marekani ulikuwa wa nyumba zenye sifa ya karne nzima. Mtu aliyeketi Kilimani mbele ya orodha ndefu hana sababu ya kuona haya akichagua chupa ya Afrika Kusini badala ya ya Ufaransa. Mvinyo wa Rasi, yaani eneo la Cape Town, si mgeni wa jana: Jan van Riebeeck, kiongozi wa walowezi Waholanzi wa huko, aliandika katika kumbukumbu zake za tarehe 2 Februari 1659 kwamba zabibu za huko zilikamuliwa mvinyo kwa mara ya kwanza, na aina ya zabibu iitwayo Pinotage ilizalishwa huko huko na Abraham Perold mwaka 1925.

Katika wiski, dharau hii huelekezwa kwa zile za kuchanganywa. Watu husoma maneno “Single Malt” kwenye lebo wakadhani ni kimea cha aina moja au pipa moja, ilhali maana yake ni wiski ya kimea cha shayiri iliyotoka katika kiwanda kimoja. Humo kiwandani yanaweza kuchanganywa mapipa mengi sana. Ile ya kuchanganywa huunganisha wiski za kimea na za nafaka kutoka viwanda mbalimbali, na ufundi wa kupata ladha ile ile mwaka baada ya mwaka si ufundi mdogo; mimi nauona mgumu kuliko ule wa kusifu pipa moja lililotokea kuwa zuri.

Kuna pia kejeli dhidi ya wanaopenda mvinyo mtamu, ambao Nairobi ni wengi. Wanaambiwa kwamba wajuzi hunywa mkavu tu. Historia haikubali. Mvinyo mtamu wa Constantia, karibu na Cape Town, kutoka shamba lililoanzishwa na Simon van der Stel mwaka 1685, ulipelekwa hadi kisiwa cha Saint Helena kwa ajili ya Napoleon alipokuwa kizuizini. Na katika uainishaji wa Bordeaux wa mwaka 1855, Château d’Yquem, mvinyo mtamu, iliwekwa katika daraja ya peke yake juu ya nyingine zote za aina yake. Tofauti iliyopo ni kati ya utamu wenye uchachu wa kuusawazisha na utamu wa sukari tupu, na hiyo ulimi wowote uliozoea chai ya maziwa na juisi ya ukwaju unaweza kuitambua.

“Wiski haitiwi maji, na mvinyo mwekundu hauwekwi kwenye friji”

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na labda ndiyo sababu maji katika kileo yamebaki na jina baya. Lakini wiski hutoka pipani ikiwa na nguvu ambayo aghalabu hupita asilimia 50, na kiwanda ndicho kinachoitia maji hadi ifike 40 au 43. Wachanganyaji wa Scotland wenyewe hunusa sampuli zilizozimuliwa hadi takriban asilimia 20, kwa kuwa alkoholi kali hufunika harufu nyingine. Matone machache ya maji kwenye glasi ni desturi ya wenye kinywaji chenyewe.

Kuhusu mvinyo mwekundu, kanuni ya kuunywa kwa joto la chumba ilitoka katika nyumba za mawe za Ulaya ambamo chumba kilikuwa na nyuzi 16 hadi 18. Nairobi, kwenye kimo cha karibu mita 1,800, hupata ubaridi huo jioni ya Julai bila jitihada yoyote. Alasiri ya Februari ni jambo jingine, na robo saa ndani ya friji itaurejesha mvinyo mahali pake. Kifuniko cha kuzungusha nacho si dalili ya unyonge: New Zealand huvitumia karibu kwa mvinyo wake wote, na huondoa kabisa ile harufu ya ukungu inayotokana na gome bovu.

“Mvinyo si pombe”

Neno hili husikika hata kwa watu wazima wenye akili zao, hasa panapotajwa mvinyo kuwa kinywaji cha akina mama. Hesabu ni rahisi. Glasi ya mililita 150 ya mvinyo wa asilimia 12 ina mililita 18 za alkoholi halisi. Toti ya mililita 30 ya wiski ya asilimia 40 ina 12. Aliyekunywa glasi mbili za mvinyo kisha akashika usukani amekunywa alkoholi ya toti tatu za wiski, na kifaa cha polisi cha kupima pumzi hakiulizi alikuwa anakunywa nini. Kuhusu madai kwamba glasi moja kwa siku ni dawa ya moyo, Shirika la Afya Duniani lilitamka Januari 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe kisicho na madhara kwa afya, na alkoholi iko katika kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani tangu mwaka 1988. Anayekunywa na anywe kwa sababu anapenda ladha, asijifanye anameza dawa.

“Ikiwaka moto wa buluu ni safi”

Dhana hii ni ya kuua. Ethanoli, ambayo ndiyo alkoholi ya kunywa, huwaka kwa mwali wa buluu. Methanoli, ambayo hupofusha na kuua, nayo huwaka kwa mwali wa buluu hafifu usioonekana vizuri mchana. Kijiko na kiberiti haviwezi kuzitofautisha, wala ulimi hauwezi. Mwaka 2000, pombe yenye methanoli iliua watu zaidi ya 100 waliokunywa Mukuru kwa Njenga na vitongoji vya karibu, na wengine wengi walibaki vipofu. Katika maafa ya namna hii sumu kwa kawaida hutiwa na muuzaji anayetaka faida ya haraka, kwa kutumia methanoli ya viwandani. Kinachosaidia dukani ni kukagua stempu ya ushuru juu ya kifuniko na kuisoma kwa programu ya simu ya Soma Label ya Mamlaka ya Mapato ya Kenya. Stempu iliyobanduliwa ikabandikwa tena, au bei iliyo chini mno kuliko ushuru wenyewe, ni sababu ya kutosha ya kurudisha chupa kwenye rafu.

“Urithi wa vinywaji uko Ulaya”

Hapa lawama ni yetu zaidi kuliko ya wauzaji. Muratina ya Wakikuyu na Wakamba ni mvinyo wa asali au wa maji ya miwa, na ufundi wake umo katika tunda la mwegea: hupasuliwa, huchemshwa, hukaushwa, na nyuzi zake hubeba hamira inayochachusha asali ndani ya kibuyu kilichowekwa karibu na joto. Likishamaliza kazi hutolewa, hukaushwa na kuwekwa kwa ajili ya wakati mwingine, kwa hiyo tunda zuri ni mali ya nyumba. Ruracio, yaani sherehe ya mahari, isiyo na muratina bado huonekana na wazee wengi kuwa imepungukiwa. Wamijikenda nao wana mnazi, unaogemwa asubuhi na jioni, ambao ni mtamu ukiteremshwa mtini, mkali kufikia alasiri, na siki kesho yake. Ukiulizia umri wake utachekwa.

Hata jini, ambayo wengi huihesabu kuwa Mwingereza kamili, ina mguu wake huku. Jini haiwi jini bila tunda la mreteni, na mreteni wa Afrika Mashariki ni ule mtarakwa ambao nyanda za juu tumezoea kuukata nguzo za ua. Kiwanda cha Procera, kilichoko Nairobi, hutumia tunda lake likiwa bichi, ilhali viwanda vingi vya Ulaya hutumia lililokaushwa. Mizabibu yenyewe imepandwa karibu na Naivasha, ambako hutoka mvinyo wa Leleshwa, na kule Dodoma zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo mkulima wa Bordeaux hawezi kuliota. Sheria ya Kenya ya mwaka 2010 ya kudhibiti vileo iliondoa hata marufuku ya chang’aa, kwa masharti ya viwango na ya kufungashwa ipasavyo, masharti ambayo wapikaji wengi wa mitaani hawajayafikia. Muratina iliyopikwa kwa usafi na kuandikwa lebo ingekaa vizuri kwenye orodha ya hoteli za jiji, katika ukurasa ule ule wa mivinyo ya asali ya Poland na Ethiopia.