Jina la ukoo: tafuta lilipoganda kabla ya kutafuta maana

Anayeanza kuchunguza jina la ukoo wake hukimbilia kamusi kutafuta maana. Mimi humshauri aifunge kwanza. Jina la ukoo lilianza kama maelezo ya mtu mmoja tu: mwana wa fulani, mhunzi, yule wa ng'ambo ya mto, yule mfupi. Likamfaa yeye. Kisha karani akaliandika daftarini, na mwanawe akaandikwa hivyo hivyo ingawa hakuwahi kushika nyundo. Hapo ndipo jina huganda. Ukijua liliganda lini, wapi na kwa amri ya nani, maana itakuwa rahisi kuipata.

Tarehe zinapishana mno. China ina majina ya ukoo yenye umri wa maelfu ya miaka, na alama inayoandika neno lenyewe, xing, ina ndani yake alama ya mwanamke. Uingereza yaliganda polepole baada ya Wanormani kutoka Ufaransa kuitwaa nchi mwaka 1066, yakianzia kwa wenye mashamba makubwa, na kufikia 1400 watu wengi walikuwa nayo. Kwingine ilikuwa amri ya serikali: Uholanzi Napoleon aliitoa Agosti 1811, Japani sheria ikawalazimisha raia wote mwaka 1875, Thailand 1913, Uturuki 1934. Iceland wengi hawana jina lililoganda hadi leo. Watoto wa Jón ni Jónsson akiwa wa kiume na Jónsdóttir akiwa wa kike, kwa hiyo hata kaka na dada hawafanani majina.

Mfano unaoonyesha vizuri nguvu ya karani ni Ufilipino. Watu wengi huko walikuwa wamejichagulia majina ya kidini kama de la Cruz na de los Santos, na ndugu wa tumbo moja waliweza kuwa na majina tofauti, jambo lililowasumbua wakusanya kodi. Tarehe 21 Novemba 1849 Narciso Clavería, gavana wa Kihispania aliyeitawala koloni hiyo, akaamuru majina yagawiwe kutoka katika orodha iliyopangwa kwa alfabeti. Kurasa zilitumwa mikoani, na miji mingine ikapewa majina ya herufi moja. Ndiyo sababu mji wa Oas, mkoani Albay, umejaa majina yanayoanza na R. Kwa hiyo jina la Kihispania huko si ushahidi wa damu ya Kihispania. Mara nyingi linakuambia tu ni ukurasa upi uliofika mjini.

Pale yalipoganda yenyewe, majina hutoka hasa katika chemchemi nne: jina la baba, kazi, mahali na lakabu. La baba hujitambulisha kwa kipande kilichobandikwa: -son, -ov ya Kirusi, -ez ya Kihispania, Mac ya Kigaeli cha Ireland na Uskoti, ibn ya Kiarabu. Hapa kamusi hudanganya sana. Price kwa Kiingereza ni bei, lakini jina hilo mara nyingi ni la Wales: ap Rhys, yaani mwana wa Rhys, herufi p ikimezwa na jina linalofuata. Powell ni ap Hywel kwa njia hiyo hiyo.

Majina ya kazi yana siri yake. Smith, Schmidt, Kovács, Kuznetsov na Haddad yote ni mhunzi. Kwa nini mhunzi na si mkulima, wakati wakulima ndio waliokuwa wengi? Kwa sababu jina lilikuwa la kutofautisha. Mhunzi alikuwa mmoja kijijini. Kumwita mtu mkulima hakukumtenga na yeyote. Hata Farmer la Kiingereza cha zamani halikuwa la mlimaji, bali la mtu aliyelipia haki ya kukusanya kodi.

Ya mahali nayo humpata aliyehama. Aliyebaki nyumbani hakuitwa kwa jina la kijijini kwake, kwani wote walikuwa wa huko. Walsh, jina lililoenea Ireland, maana yake ni mtu wa Wales.

Sasa kazi yenyewe. Anza na hati mpya kabisa uliyo nayo, urudi nyuma hati moja moja, ukiandika kila tahajia pamoja na tarehe na mahali. Kadiria miaka 25 hadi 30 kwa kizazi. Usirekebishe tahajia, karani aliandika alichosikia, na mtu mmoja aliweza kuandikwa kwa namna tatu. Katika daftari za parokia zilizoandikwa kwa Kilatini, mhunzi ni Faber na msagaji ni Molitor, na wanaotafuta Schmidt huwapita bila kuwaona. Katika hati za zamani s ndefu, umbo la kale la herufi s (ſ), hufanana na f, na n hufanana na u, kwa hiyo tafuta kwa herufi zote mbili. Ukiwa Sweden ya karne ya 18, usitafute jina lile lile: baba yake Lars Andersson ni Anders, na huyo huenda ni Persson.

Ukikuta jina limebadilika baada ya kuhamia Marekani, usiwalaumu maofisa wa Ellis Island, kisiwa cha New York walikopokelewa wahamiaji. Wao walifuata orodha za abiria zilizoandaliwa na kampuni za meli kwenye bandari ya kuondokea. Mabadiliko mengi waliyafanya wahamiaji wenyewe baadaye, kazini au mahakamani, kwa hiyo yatafute kwenye hati za uraia na sensa.

Mwisho, angalia ramani. Jina lililorundikana wilaya moja katika sensa ya zamani huenda lina chanzo kimoja, na hapo kipimo cha kromosomu Y, inayopita toka baba hadi mwana kama jina lenyewe, chaweza kuthibitisha undugu. Jina kama Smith lilizuka mara nyingi mahali pengi, na kulishiriki si undugu. Kipimo pia hukatika palipo na mtoto wa kulea au aliyebeba jina la mama. Na usinunue nembo ya ukoo: kwa sheria ya Uingereza, nembo hupewa mtu na wazao wake, si kila mwenye jina linalofanana na lake.