Bolti Kulika Uzi: Maana Yake, na Kwa Nini Tundu Ndilo la Kuokolewa

Bolti iliyolika uzi ni bolti inayozunguka bila kukaza. Unaizungusha, inaenda, unaongeza, inaenda tu, wala haifiki mahali pa kugoma. Ile mistari iliyochongwa kuizunguka, au ile iliyo ndani ya tundu lake, imesagika au imeng'oka, na hakuna tena kinachoshika. Ukimpelekea fundi wa Grogan, kule Nairobi, atakwambia thredi zimeisha, na anazungumzia jambo hilo hilo.

Tatizo ni kwamba watu wanaotengeneza magari yao nyumbani huita hivyo kila bolti inayowasumbua. Kuna bolti iliyolika pembe za kichwa, spana ikawa inateleza, lakini uzi wake uko salama kabisa. Kuna iliyokatika shingo, nusu ikabaki ndani. Na kuna hii tunayoizungumzia. Inafaa kuzitenganisha kabla ya kugusa kitu, maana njia ya kuponya moja huiharibu nyingine. Anayeongeza nguvu kwenye bolti iliyoshikwa na kutu huenda akafanikiwa. Anayeongeza nguvu kwenye uzi unaoanza kulika anamalizia kuung'oa.

Uzi hulika kwa nini? Bolti haishiki kwa kuwa tu imeingia. Unapoikaza, mwili wake huvutika kidogo sana, kama mpira wa manati, na kule kutaka kurudi kwenye urefu wake ndiko kunakobana vipande viwili pamoja. Nguvu nyingi ya mkono wako, takriban asilimia 90, humezwa na msuguano wa kichwa na wa uzi. Sehemu ndogo inayobaki ndiyo inayoivuta bolti. Kwa hiyo ukipaka oili kwenye bolti iliyoandikiwa kukazwa ikiwa kavu, mkono ule ule huivuta kupita kiasi. Tena mzigo haugawanyiki sawa: mzunguko wa kwanza wa uzi, ulio karibu na kichwa, hubeba karibu theluthi yake. Huo ukikubali kuachia, unaofuata unapokea zaidi ya uwezo wake.

Chukua bolti ya kumwagia oili chini ya sampu, lile bakuli la oili lililo chini ya injini, maana ndiyo inayoliza wengi. Kwenye Toyota nyingi ndogo zinazozunguka Nairobi kichwa chake ni cha spana namba 14, uzi wake ni M12 (unene wa milimita 12) wenye hatua, yaani umbali wa mstari hadi mstari, ya milimita 1.25, na hukazwa kwa karibu Nm 37 (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kuzungusha). Hiyo ni sawa na kuning'iniza kilo 19 hivi kwenye ncha ya spana ya sentimita 20. Si nguvu nyingi hata kidogo. Mtu mzima akiegemea spana hiyo kwa uzito wake anaipita mara kadhaa, na akiongeza bomba kwenye mkono wa spana ndiyo basi. Magari yetu mengi huingia nchini yakiwa yameshatumika Japani, na sheria inaruhusu hadi miaka 8, kwa hiyo bolti hiyo imeshapita mikono mingi kabla yako. Sampu ikiwa ya alumini, bolti ni ya chuma, na siku zote kilaini ndicho kinacholiwa.

Dalili iko mkononi. Unapokaza, ugumu hupanda taratibu na kwa usawa. Ukisikia umepanda halafu ukapungua ghafla, acha papo hapo. Usiseme "robo moja tu nimalizie." Irudishe nyuma polepole, itoe, ifute kwa kitambaa, uiangalie kwa tochi. Ukiona kati ya mistari yake kumejikunja uzi mwembamba unaong'aa, mweupe, laini hata ukucha unaukwaruza, hiyo ni alumini ya sampu. Bolti yako ni nzima. Tundu ndilo lililong'oka na kutoka nayo. Ukiona badala yake ncha za mistari ya bolti zimekuwa bapa na tundu ni safi, una bahati. Bolti ni shilingi chache, tundu ni sampu nzima, na kwenye maungo mengine ni injini. Kila uamuzi unaofanya baada ya hapo uwe wa kulinda tundu, hata kama bolti itaharibika.

Ukienda Kirinyaga Road kununua nyingine, ibebe ile ya zamani mkononi, usiende na jina la gari peke yake. M12 ya hatua ya 1.25, ya 1.5 na ya 1.75 zinafanana sana kwa macho. Bolti za magurudumu za Toyota nyingi ni 1.5, za Nissan na Subaru nyingi ni 1.25. Isiyolingana huingia mizunguko miwili mitatu kisha inakaza, mtu akadhani ni uchafu, akaleta spana, na spana inachonga uzi mpya juu ya ule wa zamani. Bolti inayostahili huingia kwa vidole hadi karibu na mwisho. Angalia pia namba za kichwani. Kwenye 8.8, nane ya kwanza ni nguvu ya kukatika ya megapaskali 800, na ya pili inamaanisha chuma huanza kuvutika bila kurudi kikifika asilimia 80 ya hiyo. Palipokuwa na 10.9 usiweke isiyo na namba kutoka duka la mbao na misumari.

Tundu likishaliwa kidogo, tapu (chombo cha kuchongea uzi ndani ya tundu) ya saizi ile ile ikipakwa grisi inaweza kulisafisha na kurudisha mistari iliyopinda. Grisi inashika vumbi la chuma lisiingie ndani. Hata hivyo, pitisha oili kidogo ya bei nafuu itiririke kabla ya kufunga. Likiwa limeng'oka kabisa, dawa ya kweli ni kulitoboa likawa pana kidogo, kulichonga uzi mkubwa, na kuingiza koili ya chuma (waya uliosokotwa kama springi) au bushi (kipande kizima cha bomba) ambayo ndani yake ina M12 ya 1.25 ile ile. Uzi huo wa chuma ndani ya alumini huwa na nguvu kuliko ule wa kiwandani. Kwa bolti inayofunguliwa kila unapobadilisha oili, napendelea bushi nzima kuliko koili, na kazi ya kutoboa wima ningempelekea fundi mwenye mashine, kama wale wa Kariobangi Light Industries.

Kuna njia mbili za mkato ambazo siziungi mkono hata kidogo. Ya kwanza ni ile bolti nene inayojichongea uzi wake: inapasua alumini, na siku ikikataa hakuna tena nyama ya kutosha kuweka bushi. Ya pili ni tepu nyeupe ya fundi bomba. Tepu haibebi mzigo wowote, na kipande chake kikikatika huweza kubebwa na oili hadi kwenye chujio la pampu ya oili.

Hizo bolti nyingine nitazigusa tu. Kichwa kilicholika pembe hutaka soketi ya pembe sita, si kumi na mbili, igongwe kwa nyundo hadi ikae. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, ndiyo maana huibana bolti. Mwagia oili ya kupenya usiku, ufungue asubuhi. Iliyokatika ikiwa na kidomo nje, mtu wa kuchomelea huweka nati juu yake, aichomelee, na ule moto wenyewe huilegeza. Kile chuma cha kung'olea kinachoingizwa katikati ya bolti kitumie kwa tahadhari kubwa, kwani ni kigumu na chepesi kuvunjika, na kikivunjikia ndani keekee ya kawaida haikiwezi.

Unapolala chini ya gari kwenye kabro za ploti, liwe juu ya stendi, si jeki peke yake. Na bolti za breki, za usukani na za kichwa cha injini uzi ukilika, usizijaribie uani. Gari lipelekwe kwa fundi bila kuendeshwa.